Umeifungia kompyuta vifaa vya kupoza kwa maji na sasa inajikokota? Soma hapa kabla hujashika bisibisi

Mwezi wa pili hapa Malindi, kaskazi imekaza, saa nane mchana hata paka hatembei, kijana mmoja akaniletea mashine na tuktuk kutoka Maweni, kaipakata mapajani kama mtoto mgonjwa. Kazi yake kuediti video za harusi, na harusi za huku unazijua wewe, haziishi siku moja, kuna kesha, kuna nikahi, kuna kupamba, diski inajaa mpaka pomoni. Alikuwa amechoka na kelele za feni, so akaagiza vifaa vya kupoza kwa maji kidogo kidogo, mwezi huu pampu, mwezi ujao redieta, akafunga mwenyewe kwa kuangalia video, na haki ya Mungu alifunga vizuri, mipira imekaa sawa, hakuna tone lililovuja. Lakini video iliyokuwa ikitoka kwa dakika 40 sasa inachukua saa mbili na ushee. "Fundi, hizi pesa nimezitupa baharini ama?"

Hakuzitupa. Ila alikuwa keshafungua bloku (kile kipande cha shaba kinachokaa juu ya prosesa na maji yanapita ndani) mara tatu, kapaka upya pesti ya kupitisha joto mara tatu, kabadilisha maji mara mbili, na shida haikuwa hapo kabisa. Ndo maana nimekaa kuandika hii, manake karibu kila mtu ninayemuona na shida hii anakimbilia kulaumu maji. Maji mara nyingi hayana kosa. Kosa liko kwenye kitu ulichokigusa wakati unafunga, au kwenye upepo uliouondoa bila kujua. Ntaeleza hio ya upepo mbele huko, na ndio yenyewe hasa.

Kwanza: usifungue kitu, chukua namba

Weka HWiNFO, ni programu ya bure ya kusoma joto na mwendo wa mashine, fungua ile sehemu ya sensa (vile vipimo vyenyewe). Alafu weka Cinebench R23, programu ya kuikamua prosesa kwa kazi nzito, ile test yake ya kawaida ni dakika 10, lakini we usiridhike na kumi. Sababu ni hii: maji yanapanda joto polepole sana ukilinganisha na chuma. Feni na hitisinki (yale mapezi ya chuma) ya kawaida ndani ya dakika mbili tatu ushajua imefika wapi, lakini mzunguko wa maji unaweza kuchukua nusu saa kabla haujatulia. Kuna watu wanatest dakika tano wanaona digrii 60, wanapiga picha wanaweka status, alafu jioni wanashangaa mbona inakwama. Iache nusu saa nzima kama huna haraka, we kanunue viazi karai.

Wakati inaenda angalia vitu vinne tu, na uviandike kwenye karatasi sio kichwani: joto la prosesa, mwendo wa prosesa (ule wa kweli, HWiNFO inaonyesha mpaka mwendo halisi wa kila koa, yani kila kiini cha prosesa), wati inazokula, na ile mistari inayosema YES au NO kuhusu kujizuia kwa sababu ya joto, utaona imeandikwa PROCHOT. Hio PROCHOT ni kama kamba ya breki. Ikivutwa, prosesa inashuka mwendo ghafla, wakati mwingine mpaka GHz 0.8 au chini ya hapo, na hapo hata kufungua folda utadhani unaomba mkopo.

Ukishapata namba utakuwa kwenye njia moja kati ya hizi:

- prosesa ya moto, mwendo umeshuka. Hii ni shida ya maji kweli, au ya bloku.
- prosesa ya baridi, digrii 55 au 60, lakini mwendo umeshuka na PROCHOT inasema YES. Hii ndio inayochanganya watu.
- prosesa ya baridi, mwendo uko juu kama kawaida, PROCHOT NO, lakini mashine bado nzito. Hapa joto halihusiki kabisa, shida ni waya, ramu (memori), bayosi (ile menyu ya bodi kabla Windows haijafunguka) au programu.

Moto ni kiasi gani? Intel nyingi za mezani za miaka hii zinajifunga breki zikifika 100. Ryzen za AMD za 7000 nyingi zimetengenezwa zifike 95 zikiwa kazini na zikae hapo, so ukiona 95 kwenye Ryzen hio na mwendo uko juu, usianze kulia, ndo tabia yake. Za 5000 zinajifunga breki kwenye 90 au 95 kulingana na modeli. Kinachotafutwa sio joto peke yake, ni joto pamoja na mwendo kushuka.

Njia ya kwanza: moto na mwendo umeshuka

Anza na pampu. Daima pampu. Kama mashine inafika 90 ukiwa bado kwenye bayosi, hata Windows hujaifungua, zima sasa hivi, hakuna maji yanayotembea hapo.

Weka kidole kwenye pampu, utasikia inatetemeka kidogo kama simu ya kimya. Haitetemeki? Angalia waya wake wa umeme. Pampu kubwa kama D5 haifai kula umeme kutoka kwenye madabodi (ile bodi kubwa yenye prosesa), inakula zaidi ya wati 20 ikikaza na tundu za feni nyingi kwenye bodi ni za ampea moja tu, yani wati 12. Umeme wake unatoka moja kwa moja kwenye pawasaplai kwa ule waya wa SATA au Molex, na ule waya mwembamba mwingine ni wa kuambiwa spidi na kurudisha taarifa. Nimekuta mtu kaunganisha ule mwembamba tu akaacha ule mnene unaning'inia nyuma ya bati linaloshika bodi, alafu anaapa kwamba kila kitu kimeunganishwa.

Kama inatetemeka, ingia bayosi uangalie spidi. D5 ikiwa juu kabisa inafika kama mizunguko 4800 kwa dakika. Ukikuta 1000 au 1200, jua imewekwa kwenye tundu la feni ambalo bayosi inaliendesha kwa utulivu, inadhani ni feni, so inaipunguzia pampu spidi wakati prosesa iko baridi. Ibadilishe ikae spidi moja isiyobadilika, ya katikati au juu kidogo, kelele ikikukera ushushe baadae.

Pampu inazunguka na bado moto? Sasa shika mpira unaoingia kwenye bloku na ule unaotoka. Maji yakitembea vizuri mipira yote miwili inakuwa karibu sawa kwa mkono, tofauti ni digrii moja mbili ambazo kidole hakizijui. Ukisikia mmoja unachoma na mwengine ni baridi kama hakuna kinachoendelea, maji yamesimama. Mara nyingi ni hewa. Fundi bomba yeyote wa hapa anaijua hii, tangi limejaa juu ya nyumba na bomba la jikoni halitoi, kumbe kuna hewa imekaa kwenye kona ya paipu.

Kuitoa hewa: zima mashine, waya zote zinazotoka kwenye pawasaplai zichomoe kule kwenye bodi na kwenye kadi ya grafiksi, ubakishe wa pampu tu. Unganisha ule waya wa kijani na mweusi kwenye plagi kubwa ya pini 24 kwa kipande cha waya ili pawasaplai iwake bila kompyuta. Jaza tangi, washa pampu sekunde chache, zima, ongeza maji, washa tena. Usiruhusu pampu izunguke kavu hata kidogo, maji ndio mafuta yake. Alafu lilalishe kasha taratibu upande huu, upande ule, mbele, nyuma, kama unamtoa mtoto gesi, utasikia kobwe kobwe kobwe na viputo vinarudi kwenye tangi. Nusu saa hivi. Tandika karatasi za chooni chini ya kila maungio, karatasi ikilowa utaiona kabla bodi haijalowa.

Bado moto? Hapo sasa ndio unafungua bloku. Geuza uangalie chini. Ile plastiki ya kulinda shaba umeitoa? Usicheke, fundi wa miaka mingi naandika hii na mwaka juzi nliisahau mimi mwenyewe, na mwenye mashine amekaa mbele yangu anakunywa kahawa. Kama plastiki haipo, angalia pesti imeenea vipi. Ikiwa imebanwa nyembamba katikati na kusambaa kote, bloku imekaa. Ikiwa nene upande mmoja na nyembamba upande mwengine, umekaza skrubu kwa mpangilio mbaya, zinakazwa kwa mshazari, kila moja kidogo kidogo, kama nati za tairi. Ikiwa pesti haijabanwa kabisa, umeweka miguu ya soketi nyengine, maana bloku zinakuja na vifuko vya skrubu zinazofanana mno, za AMD na za Intel za zamani na mpya, na urefu wanapishana milimita chache tu.

Kuingia na kutoka kwenye bloku kukigeuzwa kunakula digrii kadhaa, sawa, rekebisha ukipata nafasi, lakini hakuwezi kuigeuza mashine iwe kobe. Na mambo ya mpira upi uanzie redieta upi uanzie kadi, acha watu wabishane, maji yanazunguka mara nyingi kwa dakika na joto linakaribia kuwa moja kila mahali. Kitu pekee cha lazima ni tangi liwe juu ya pampu ili isinyonye hewa.

Neno kuhusu joto la kwetu

Video nyingi za kufunga maji zimetengenezwa na watu walioko kwenye chumba cha digrii 20. Sasa we uko Malindi, chumba 31 au 32 mchana, bati juu, dirisha moja. Maji hayawezi kushuka chini ya joto la chumba, hilo halina ujanja. Redieta nzuri inayoitosha mashine inaweka maji kama digrii 10 juu ya chumba mashine ikiwa kazini, so yule kwao maji ni 30, kwako ni 42, na prosesa inapanda juu ya hapo. Usijilinganishe na namba za mtandaoni. Toa joto la chumba chako kwanza ndo ulinganishe.

Hesabu ninayotumia mimi: redieta ya upana wa feni moja ya mm 120 kwa kila kitu kinachopozwa, ongeza moja, alafu kwa huku pwani ongeza nyengine. Prosesa na kadi pamoja kwenye redieta moja ya feni mbili, Nairobi mwezi wa saba labda. Hapa, la. Na angalia maji yasikaribie 60, pampu ya D5 yenyewe mwisho wake ni hapo, na wanaouza ile mipira migumu ya PETG wanaonya hivohivo kwamba inaanza kulegea.

Redieta usiiweke ivute hewa kutoka ukutani au chini ya meza yenye pazia. Na mchanga wetu huu mwembamba ukichanganyika na unyevu wa chumvi unakuwa kama simenti kwenye yale mapezi, pitisha brashi laini kila mwezi, usingoje mpaka uone.

Njia ya pili: prosesa baridi lakini imefungwa breki

Hapa ndipo alipokuwa yule kijana. Prosesa digrii 58. Namba tamu. Lakini dakika ya saba ya Cinebench mwendo unaanguka kutoka GHz 4.6 mpaka chini ya moja, unakaa hapo sekunde kadhaa, unapanda, unaanguka tena, kama mtu anayeendesha gari akikanyaga breki kila tuta. Yeye alikuwa anaangalia joto la prosesa tu, na joto lilikuwa zuri, so akawa anabadilisha pesti.

Sasa sikiliza. Pembeni ya prosesa, juu na kushoto, kuna vidude vyeusi vimejipanga chini ya vibati vya alumini. Hio ndio VRM. Kazi yake ni kuchukua volti 12 kutoka kwenye pawasaplai na kuishusha iwe volti moja na kidogo inayotumiwa na prosesa. Prosesa ikila wati 200 kwa volti moja na robo hapo zinapita ampea 160. Pasi ya nguo ya wati 2000 ukutani haifiki hata ampea 10, so fikiria hizo 160 zinapita kwenye vidude vya saizi ya ukucha. Vinapata moto, na kibati peke yake hakitoshi, kinategemea upepo.

Na upepo ulikuwa unatoka wapi? Kwenye ile feni kubwa ya zamani ya prosesa. Ilikuwa inapoza prosesa na huku inawapulizia majirani wote bure, VRM, ramu, mpaka SSD iliyo chini yake. We umeing'oa ukaweka bloku ya shaba isiyotoa hata pumzi, alafu redieta umeitundika juu na mbele ya kasha, feni zake zinazunguka polepole kwa sababu unataka kimya. Ni kama nyumba ya Shela iliyokuwa na dirisha la upande wa bahari, ukaliziba ukaweka AC kwenye chumba kimoja, basi chumba hicho baridi na watu wa sebuleni wanakufa na joto. VRM ikizidiwa bodi inavuta ile kamba ya PROCHOT ili isiungue, na prosesa inatii japo yenyewe haina joto lolote.

Kuhakikisha, shuka kwenye HWiNFO mpaka sehemu ya madabodi, tafuta mstari wa VRM au MOS. Ukiona inapita 100 na breki zinavutwa wakati huohuo, umemkamata. Bodi za bei ya chini nyingi hazina hio sensa, so fanya jaribio la kimasikini: fungua mlango wa pembeni wa kasha, chukua feni ya mezani ya nyumbani, ielekeze palepale kwenye vile vibati, rudia test. Kwa yule kijana, feni ya mezani ilivowashwa mwendo ulipanda 4.6 ukakaa hapo dakika thelathini bila kutikisika. Alinyamaza kabisa. Alafu akauliza kama anaweza kuinunua hio feni yangu.

Dawa yenyewe sio feni ya mezani. Chagua kati ya hizi, au uchanganye:

1. Feni ndogo ya mm 80 au 92 ifungwe karibu ikielekea VRM. Mimi nliifunga kwa kibati nlichokikunja mwenyewe kutoka kwa fundi madirisha. Si nzuri kwa macho lakini inapuliza.
2. Feni ya nyuma ya kasha, kama uliitoa ili kupisha tangi, irudishe.
3. Redieta ya mbele iingize hewa ndani, ya juu itoe. Kama zote zinatoa, ndani kunabaki hewa iliyolala.
4. Angalia vile vibati kama vimekazwa na kama ile pedi laini chini yake ipo. Kuna wanaovifungua kupisha mpira wakavirudisha bila pedi.
5. Kama hayo yote hayawezekani, ingia bayosi upunguze kikomo cha wati. Kutoka 200 mpaka 150 unapoteza mwendo kidogo tu kwenye kazi nzito, na joto la VRM linashuka sana. Sio aibu.

SSD ya M.2, ile diski bapa inayochomekwa kwenye bodi, ina ugonjwa huohuo. Dalili yake ni kwamba unakopi klipu kubwa, inaanza kwa kasi, alafu inashuka mpaka mwendo wa flashi ya mia tano. Nyingi zinaanza kujizuia kati ya 70 na 85. Nunua kile kibati chake cha alumini, bei ndogo, na upepo kidogo upite juu yake.

Na kama kadi ya grafiksi nayo uliivua ukaivisha bloku, angalia sio joto la katikati tu bali lile la sehemu ya moto zaidi na lile la memori. Katikati 50 na memori imefika 110, hio memori ikiwa ni ya aina ya GDDR6X ishaanza kujizuia, na maana yake pedi ulizoweka ni nyembamba kuliko zinazotakiwa. Milimita moja na moja na nusu kwa macho ni kitu kimoja, kwa kadi sio kitu kimoja.

Njia ya tatu: hakuna joto, hakuna breki, na bado nzito

Hapa uwe mpole, kumbuka vyote ulivyovishika. Napita haraka.

Ramu. Ulizitoa kupisha mikono? Fungua Task Manager, ukurasa wa memori, uangalie mwendo na kiasi. Ulikuwa na GB 32 na sasa inaonyesha 16, moja haijaingia mpaka ikalia ta, au bloku umeikaza sana upande mmoja hadi pini za soketi chini hazigusi sawa na upande mmoja wa memori umepotea. Hio ya pili watu hawaamini, lakini legeza skrubu za bloku robo mzunguko uone. Kama ni mbili tu, zikae tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwa prosesa, sio zinazofuatana. Na kama ulitoa betri ya bodi au bayosi ilijifuta yenyewe, ramu ya 3200 itakuwa imerudi 2133 au 2400, nenda bayosi uwashe tena XMP (mpangilio unaoipa ramu kasi yake kamili), au EXPO kwa AMD za DDR5.

Kadi ya grafiksi. Kebo ya skrini umechomeka kwenye kadi au kwenye bodi? Tafadhali angalia, nangoja. Alafu fungua GPU-Z, programu ya kusoma kadi, isome x16, yani njia zote za kupitisha data. Ikisema x4 au x1 kadi haijakaa, pengine uzito wa maji umeivuta chini upande mmoja. Ichomoe, pangusa meno yake, irudishe, uiwekee kitu cha kuishikilia.

Diski. Kebo za SATA zinalegea ukiwa unapitisha mipira. Mashine inaganda sekunde kumi alafu inaendelea kama hakuna kilichotokea. CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ina mstari wa C7 wa makosa ya kebo, namba yake ikiwa inapanda kila siku ni kebo, sio diski, usinunue diski.

Programu za taa na pampu. Hizi zinanikera. Unanunua pampu, inakuja na programu ya kuiwekea rangi ya waridi, programu inakaa nyuma inakula prosesa na kuuliza sensa kila dakika, na kama una mbili za kampuni tofauti zinagombania sensa ileile. Zifunge zote kwa siku moja uone mashine inavopumua. Pampu inaweza kuendeshwa na bayosi peke yake, haihitaji rangi.

Umeme wa Windows, kwenye Settings, usiwe umekaa kwenye kuokoa nguvu. Hio ni sekunde tano.

Kama ilikuwa nzuri miezi miwili mitatu alafu ikaanza kuchoka

Uliweka maji gani? Niambie ukweli. Maji ya bomba na ya kisima ya huku yanapita kwenye mawe ya matumbawe, yamejaa chokaa, ule ukoko mweupe unaobaki kwenye birika ndio huohuo unajaa kwenye mifereji ya bloku ambayo ni myembamba kuliko nywele chache. Unaanza kuona joto linapanda digrii moja moja kila wiki. Tumia maji ya mvuke uliokusanywa (distilled water), yale yanayouzwa petroli stesheni kwa ajili ya betri, lakini soma chupa mara mbili manake chupa ya asidi ya betri inakaa rafu ileile na inafanana nayo kama pacha. Na uongeze dawa ya kuzuia ukungu, kwa joto letu maji matupu yanaota kijani haraka, haswa tangi likipigwa na jua la dirishani.

Kitu kengine, redieta ya alumini na bloku ya shaba hazikai kwenye maji mamoja. Zinakulana. Kuna jamaa alinifurahisha sana alifunga redieta ya gari, ubunifu nampa kumi kwa kumi, ilipoza vizuri ajabu, lakini redieta za magari siku hizi ni alumini, na baada ya muda bloku tuliyofungua ilikuwa imejaa ute wa kijivu kama uji wa muhogo. Tuliisugua na mswaki na ndimu, ikarudi, redieta akairudisha kwenye gari ilikotoka.

Ukishamaliza

Rudia test ileile, nusu saa, saa ileile ya mchana uliyofanya mwanzo. Ukitest kwanza saa nane na mara ya pili saa tano usiku na upepo wa bahari unaingia, utajidanganya digrii tano za bure. Andika namba mpya kando ya zile za zamani kwenye karatasi ileile, ibandike ndani ya mlango wa kasha kwa selotepu, siku ikisumbua tena utajua ilikuwa vipi ilipokuwa nzima.

Tangi litashuka kidogo wiki ya kwanza, ni hewa iliyobaki inatoka, jazia. Na ukiwa unairudisha nyumbani kwa tuktuk, ilaze kwa upande wa bodi, kadi iangalie juu isining'inie, mwambie dereva apite taratibu zile tuta za karibu na soko, ukifika isimamishe uiache robo saa ndo uiwashe, na ile dakika ya kwanza mkono ukae kwenye swichi.